Msimu wa Dume Mmoja

Machi 24
Nimepanda kilima cha Pruett kabla ya mapambazuko kwenda kusikiliza. Kila mwaka tunafanya hivyo kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa: unakaa chini ya mwaloni na kahawa yako, unanyamaza, unawaacha bata mzinga wakuonyeshe wamelala mti gani. Dume akisikia bundi anashindwa kujizuia, anawika. Zamani mmoja akianza, bonde zima linamjibu, huwezi hata kujua umfuate yupi.
Leo amewika mmoja. Mbali, upande wa mierezi. Basi.
Baba alikuwa ananisubiri barazani, kiti chake cha magurudumu kimeelekezwa kilimani.
"Wangapi?"
"Mmoja."
"Una nta masikioni, Verda. Kesho nenda na mtu mwenye masikio."

Machi 25
Mmoja.

Machi 28
Mvua. Sikwenda.

Machi 30
Clell alikuja juzi kutoka mjini na pikapu imejaa mitego. Amesema tatizo ni rakuni, vinyama vya usiku, wanakula mayai. Baba amefurahi kama mtoto. Clell ni mdogo wangu, anauza mashua, ana mkono laini na mdomo mtamu, na akiingia uani Baba ananyoosha mgongo.
Mitego imenasa vizuri. Clell aliwamaliza rakuni kwa rungu ili asipoteze risasi. Mmoja alikuwa jike ananyonyesha, maziwa yanamtoka. Clell alimbeba kwa mkia mpaka barazani, akamwambia Baba, "Mzee, huyu alikuwa anakuletea maziwa ya kahawa." Walicheka mpaka Baba akakohoa. Nami nilicheka. Naandika kwa sababu baadaye, nikiosha vyombo, nilijaribu kukumbuka kilichochekesha, nikashindwa.

Aprili 2
Mwanamke wa idara ya wanyamapori amekuja. Anaitwa Noreen Umland, mrefu, ana matope mpaka magotini. Amewavisha majike kadhaa wa bata mzinga vifaa vya redio mgongoni na anaomba ruhusa kuwafuata wakiingia kwenye ardhi yetu.
"Unafuata majike," Clell alisema. "Mimi pia nilikuwa hivyo nikiwa kijana."
Noreen alimpa mgongo. Alimwambia Baba, kwa adabu, kwamba rakuni wamekuwepo siku zote. "Tatizo mojawapo, mzee, ni kwamba madume wakubwa wanapigwa mapema mno, kabla hawajawapanda majike. Mngesubiri wiki mbili tu, majike wakishakaa kwenye mayai, mngeweza kuwinda bila kuua kizazi cha mwakani."
Baba alimtazama kuanzia viatu kwenda juu.
"Unajua nani alileta bata mzinga hapa? Kilima hiki kilikuwa kitupu. Mimi nilibeba makreti mgongoni, na ndege hai ndani, nikiwa na miaka kumi na tisa. Wewe ulikuwa wapi?"
"Sijazaliwa, mzee."
"Basi rudi huko."
Clell alipiga paja kwa kicheko. Noreen alivaa kofia yake. Nilimsindikiza mpaka getini, nikamwambia apite kwa nyuma, kwenye kijito, Baba hawezi kuona huko. Sijui kwa nini nilimwambia.

Aprili 7
Leo Baba ametuita mezani wote wawili baada ya ibada. Nilikuwa nimetengeneza mikate midogo na mchuzi mzito wa soseji kama apendavyo. Alikula kwanza. Halafu akafuta mdomo.
"Dume la kilimani. Nalitaka. Atakayeliweka mapajani mwangu atapata nyumba hii na malisho ya juu. Mwingine atapata shukrani zangu."
Nilidhani anatania. Tangu Mama afe na kiharusi kimpige Baba, mimi ndiye ninayemwosha, ninamlisha, ninamgeuza kitandani asipate vidonda. Niliuza nyumba yangu ndogo kule Tansy kuja kukaa naye. Clell anakuja Jumapili.
"Baba," nilisema, "mimi nalala humu."
"Paka pia analala humu."
Clell aliinamia sahani yake, mabega yanatikisika. Alipoinua uso niliona kwamba hacheki tena. Alikuwa anapiga hesabu ya malisho.

Aprili 9
Mvua, baridi. Baba amekataa supu, ameimwaga kwenye blanketi. Nimebadilisha blanketi.

Aprili 12
Dume amewika karibu na malisho. Anawika sana kwa sababu hakuna wa kumjibu. Mwenzake angemjibu, wangepigana, wangechoka. Huyu anazunguka kutwa anajitafutia adui.

Aprili 15
Msimu umefunguliwa. Kulipokucha nilikuwa nimeegemea mwaloni, bunduki gotini, kiita-ndege mdomoni. Niliita kama jike, taratibu. Akajibu hapo hapo. Akashuka na majike wawili mbele yake, mkia ametandaza, kichwa chekundu na buluu, mabawa yanakwaruza majani makavu. Alikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia kile kishindo cha kifuani mwake kabla hajawika.
Sikupiga. Ningependa kuandika kwamba nilikumbuka maneno ya Noreen. Ukweli ni kwamba jike mmoja alisimama kati yetu mpaka dume akapita.
Clell upande wa pili alipiga dume mchanga wa mwaka jana, mwenye ndevu za kifuani fupi kama kidole. Alimletea Baba hata hivyo. Baba alimshika mguu, akamwangalia, akamtupa kwa mbwa.
"Umeniletea mtoto," alisema.

Aprili 16
Upepo. Hakuna kitu.

Aprili 18
Nimesikia mlio mmoja wa bunduki asubuhi, kisha kimya. Kwa kawaida Clell akipata kitu anapiga mluzi. Nikaenda kuangalia. Nilikuta manyoya kwenye njia ya mierezi, nikayafuata mpaka kwenye gogo, na chini ya majani nikamkuta jike. Bado ana joto. Ndani ya tumbo nilihisi yai, gumu, tayari kutagwa.
Clell alitokea nyuma yangu.
"Alisogea mbele ya dume," alisema. "Nilikuwa nimeshavuta."
"Ni kosa kisheria, Clell."
"Ndiyo maana yuko chini ya majani."
"Na majike wamebaki wangapi unadhani?"
"Dada, acha kuniimbia kama yule mwanamke wa redio. Kila mtu bondeni amewahi kupiga jike kimakosa. Wewe hujawahi?"
Alinisogelea, akapunguza sauti. "Usimwambie mzee."
Nilimwambia sitasema. Nilipokuwa natembea kurudi nilijua sikunyamaza kwa huruma. Nilikuwa nimeweka kitu mfukoni dhidi yake.

Aprili 19
Baba ameuliza kama Clell amepata kitu jana. Nimesema hapana.

Aprili 21
Clell amenunua mkia wa kujifichia: mkia halisi wa dume, umetandazwa na kubanwa kwenye fimbo, na kichwa cha plastiki chekundu katikati. Unalala kifudifudi kwenye nyasi, unaushika mbele ya uso wako, unatambaa. Dume akiona anadhani mpinzani ameingia kwake, anakuja mbio kupigana. Unampiga kwa karibu kama kuku wa uani.
"Watu wanauawa na kitu hicho," nilimwambia. "Mtu mwingine akiwa mwituni anaona dume, haoni wewe."
"Mtu gani mwingine? Ni mimi na wewe tu humu."
Baba alitaka kuushika. Alijificha uso nyuma ya manyoya, akatoa jicho moja. "Ningekuwa na miguu," alisema, "wote wawili mngekuwa mnalala njaa."

Aprili 23
Dume amekaa malisho ya juu kutwa. Nimemwona kwa darubini. Anatembea, anasimama, anatandaza mkia, anaukunja. Jike aliyebaki hakuwa naye. Labda ameanza kutaga.

Aprili 24
Ninaandika mchana huu kwenye meza ya hospitali.
Niliingia malishoni mapema, nikakaa kwenye kona ya uzio wa mawe. Nilijua Clell atakuja, pikapu yake ilikuwa imeegeshwa barabarani. Kulipopambazuka dume alishuka kutoka mtini, akasimama katikati ya nyasi. Niliita. Akawika lakini hakuja. Alikuwa ameona kitu upande wa pili.
Mkia ulikuwa umechomoza juu ya nyasi, chini ya mteremko. Ulikuwa ukisogea kidogo kidogo. Dume alifura, akaanza kuuendea, kwanza kwa mwendo wa madaha, halafu mbio.
Niliona jinsi itakavyokuwa. Clell angeinua bunduki, angempiga karibu na pua yake, na kabla ya kifungua kinywa angekuwa barazani. Na mimi ningefungasha.
Dume alikuwa ananiacha, mgongo kwangu. Mbele yake kulikuwa na mkia, na nyuma ya mkia kulikuwa na ndugu yangu. Wote watatu walikuwa kwenye mstari mmoja. Niliona kofia yake. Niliona mtutu wa bunduki yake ukianza kutoka pembeni mwa manyoya. Nilingoja dume anyooshe shingo.
Nikapiga.
Dume alianguka, akapigapiga mabawa. Mkia wa bandia ulianguka pia. Halafu Clell akainuka kwa magoti, mikono usoni, na sauti aliyotoa sijawahi kuisikia ikitoka kwa mtu. Nilikimbia. Nilipita dume kwanza. Niliukanyaga mguu wake ili asitoroke, nikahakikisha amekufa, ndipo nikamfikia ndugu yangu.
Marisau yalikuwa yamemwingia shavuni, shingoni, na kwenye jicho la kushoto. Nilimfunga skafu yangu. Njia nzima kwenda hospitali hakusema neno, alikuwa anashika dashibodi.
Dume nilimweka nyuma ya pikapu.

Aprili 24, jioni
Nimerudi. Jicho halikuokolewa.
Baba alikuwa barazani, jua bado lipo. Aliona mikono yangu yenye damu iliyokauka, akaona ndege.
"Lete."
Nilimwekea mapajani. Alizipima ndevu za kifuani kwa kiganja, akaishika miiba ya miguuni kwa kidole gumba, akatabasamu. Alikuwa na uzuri usoni ambao sijauona tangu Mama alipokuwa hai. Alifungua mkia, akaufunga, akaufungua.
"Miiba mirefu hivi sijaishika kwa miaka mingi," alisema. "Alikuja mwenyewe au ulimwita?"
"Baba, Clell amepoteza jicho."
"Nimesikia. Walipiga simu." Akaendelea kulaza manyoya. "Alikuja au ulimwita?"

Aprili 25
Ofisa wa wanyamapori amenihoji. Nimesema sikumwona Clell, niliona dume tu. Aliandika. Amechukua leseni yangu, amesema nitaitwa mahakamani. Hospitalini alimhoji Clell mbele yangu, na Clell, kichwa kimefungwa bandeji, akasema, "Hakuniona. Ni mimi niliyetumia mkia. Kosa ni langu."
Ofisa alipotoka nilikaa karibu na kitanda. Nilitaka kumshika mkono.
"Uliniona," Clell alisema. "Nilikuwa natazama macho yako, dada. Ulisubiri."
Nilianza kulia.
"Usilie, unaniumiza kichwa."
"Kwa nini hukumwambia?"
"Kwani haraka ya nini? Nikisema leo, unaondoka leo. Nani atanipikia?"

Aprili 28
Jumapili. Tumemla dume. Nyama ya miguu ngumu kama kamba. Baba ametafuna kwa muda mrefu, hakuacha kitu.

Mei 1
Clell ameruhusiwa kutoka hospitali. Baba amemwita mwanasheria kutoka mjini. Niliwapikia kahawa. Nilidhani amekuja kwa ajili yangu. Nilikuwa nimevaa gauni la kanisani.
Baba alisema nyumba na malisho vinakwenda kwa Clell.
Niliweka birika mezani. "Ulisema atakayeleta dume."
"Nilisema. Sasa ninasema hivi. Mtu mwenye jicho moja nani atanunua mashua kwake? Wewe una macho mawili, mikono miwili, na afya ya punda."
"Baba, nimekuosha kila siku."
"Na ulinyimwa chakula?"
Mwanasheria alikuwa anaangalia kalamu yake. Clell, amekaa dirishani na kitambaa cheusi juu ya jicho, alisema kwa upole, "Atabaki, mzee. Chumba chake ni chake. Mimi si mtu mbaya." Akanigeukia. "Sivyo, Verda?"
Nikasema ndivyo.

Mei 3
Kimya.

Mei 5
Siku ya mwisho ya msimu. Asubuhi nzima hakuna mlio wa bunduki bondeni, wala wa dume. Vijana wa jirani yetu Hatcher walipita na gari, wakasema wamezunguka wilaya nzima wanachosikia ni mbwa. Wanasema ni mbweha. Clell anasema ni mwewe. Baba anasema ni sumu wanazonyunyiza mashambani.
Nilikuwa nakata vitunguu. Nilisema, "Ni sisi."
Walinitazama.
"Sisi nani?" Baba akauliza.
"Sisi. Wewe na picha zako za ukutani, madume wananing'inia kama nguo kwenye kamba, nusu yao kinyume cha sheria. Clell na jike wake chini ya majani. Mimi. Yule wa mwisho nilimpiga mimi."
Nilidhani Baba atapiga kelele. Aliinamisha kichwa kama mtu anayefikiria jambo la haki.
"Tuliwaleta sisi," alisema. "Nilibeba makreti yale mpaka ngozi ikachubuka. Nikileta kitu kwa mgongo wangu, ni changu kukila mpaka kiishe. Umeunguza vitunguu."
Clell hakukasirika kuhusu jike. Alisema tu, "Umemaliza akiba yako yote siku moja, dada." Kweli nilikuwa nimemaliza. Yeye ya kwake bado anayo.

Mei 14
Clell amehamia. Ametaka chumba cha Mama.

Mei 22
Mahakamani. Faini, na miaka mitano bila leseni. Hakimu amesema ni ajali ya kusikitisha. Clell alinishika bega wakati wa kutoka, watu wakaona, wakasema ni ndugu wa mfano.

Juni 3
Joto. Kupe wengi. Clell anataka mayai yakaangwe upande mmoja.

Juni 18
Noreen amenisimamisha kwenye kijito. Ameuliza kama nataka kuona kitu. Nilimfuata, tukainama chini ya mierezi, akanionyesha kwa kidole. Ilinichukua muda kutenganisha jike na majani.
"Huyu alivuka kijito mwishoni mwa Aprili," alinong'ona. "Ng'ambo hakuna dume. Alikuja huku kutafuta."
"Mwishoni lini?"
"Ishirini na sita."
Nilihesabu: siku mbili. Hakuhitaji nimwambie kitu. Bonde zima linajua siku niliyopiga.
"Mayai yalitakiwa kuanguliwa zamani," alisema. "Juzi alipotoka kunywa maji niliyamulika kwa tochi. Ni meupe ndani. Hayana kitu."
"Kwa nini haondoki?"
"Yeye hajui. Wengine wanakaa hadi wanakonda. Nimeona mmoja ambaye alikaa mpaka mbweha akamchukua, hakuwa na nguvu ya kuruka."
Sauti yake haikunilaumu. Ningeona nafuu kama ingenilaumu.

Juni 20
Nimewaambia nyumbani. Baba ameuliza, "Mnene?" Nimesema amebaki mifupa. "Basi hafai," akasema, akaomba chumvi.

Juni 21
Nimefikiri kutwa. Mayai yakivunjika atajua yamekwisha. Atanyanyuka, atakula, atavuka kijito kurudi, labda mwakani atakuta dume mahali fulani. Kumwacha pale ni kumwua polepole. Kati ya yote niliyofanya msimu huu, hili nililiona kama jema.
Nilisubiri alipokwenda majini. Nilipiga magoti. Mayai yalikuwa yamepauka, na vidoa vya hudhurungi, yana joto la tumbo lake. Niliyavunja moja moja kwa jiwe. Harufu ilinitoa machozi. Nilifanya haraka, nikaondoka bila kugeuka.

Juni 22
Mvua ndogo. Baba ana homa. Clell anasema nyumba inanuka.

Juni 23
Nimekwenda kuhakikisha ameondoka.
Alikuwa amekaa. Mvua ilikuwa imemlowanisha, manyoya yamegandamana na mbavu. Chini yake hakukuwa na kitu ila maganda na uoza, na nzi wanamtembea usoni. Nilipiga makofi. Nilirusha kijiti. Nilimwendea mpaka ningeweza kumgusa, naye alinitazama kwa jicho moja jeusi, akajilaza zaidi, akatandaza bawa.
Nilirudi nyuma nikakaa chini. Kipande cha ganda kilikuwa kimeteleza pembeni. Baada ya muda alinyoosha shingo, akakivuta kwa mdomo, taratibu, mpaka kikaingia chini ya kifua chake.